Picha za Mwisho wa Mkanda

Simu iliingia Jumatano asubuhi, kabla sijamaliza chai.

"Shikamoo baba mdogo. Samahani kwa usumbufu. Tunaomba picha ya baba. Ile nzuri, anayoangalia mbele."

Nikaitika marahaba, nikampa pole kwa mara ya pili tangu usiku, nikamwambia asihangaike, picha zipo. Nilisema hivyo bila hata kufikiri. Baba yake alikuwa mpiga besi wa bendi niliyoifuata na kamera miaka mingi, baa kwa baa, Ilala, Buguruni, Temeke, Kinondoni, na safari moja ya Morogoro ambayo gari lilitufia Chalinze tukalala juu ya vyombo. Kama kuna mtu Dar es Salaam angekuwa na picha ya marehemu, ni mimi. Kamati ya msiba iliitaka kabla ya saa kumi jioni ili iwahi steshenari: kubwa ya fremu, ya kuweka mbele ya jeneza, ndogo ya kwenye karatasi ya ratiba ya ibada, na nyingine ya kuchapa kwenye fulana.

Saa saba mchana nilikuwa nimekaa sakafuni, maboksi yamepinduliwa, kompyuta inapumua kama mgonjwa, na picha sina.

Si kwamba hakuwemo. Alikuwemo kila mahali. Kiwiko chake kilikuwemo. Bega lake la kushoto lilikuwemo, nyuma ya mwimbaji, miaka na miaka. Nusu ya uso ilikuwemo, nusu nyingine imeliwa na stendi ya maiki. Ipo picha moja ambayo amesimama mzima, kutoka kiatu mpaka kofia, na ningeipeleka pale pale, ila shabiki mmoja alikuwa amenyanyua mkono kwenda kumtunza mwimbaji, na mkono ule umetua sawasawa mahali pa uso wa mpiga besi. Ni noti ya shilingi elfu moja. Mwalimu Nyerere anaonekana vizuri kabisa, hata mvi zake unaweza kuzihesabu.

Inabidi nieleze mkanda ulivyokuwa unaliwa.

Nilianza kazi hii mwaka 1994, wakati kamera bado inakula filamu. Mkanda mmoja ulikuwa na picha 36, na kila picha ilikuwa na mwenyewe. Hakuna bendi iliyowahi kunilipa. Aliyelipa ni mteja wa ukumbini: kijana aliyevaa suti kwa mara ya kwanza, bwana aliyekuja na mchumba, akina mama wa kikundi waliovaa sare. Unawapiga Jumamosi, unapeleka mkanda kusafishwa Jumatatu, Jumamosi inayofuata unazunguka kwenye meza na bahasha ukitafuta sura. Nusu yao hawarudi. Wengine wanarudi na mchumba mwingine, na ukisogea na bahasha wanakutazama kama hawajawahi kukuona duniani. Picha za namna hiyo ninazo hadi leo, na ndoa kadhaa za mji huu zinasimama kwa sababu mimi ni mtu wa siri.

Bendi ilipata masalia. Ukishapiga za wateja thelathini na mbili, thelathini na tatu, unabaki na chache, na huwezi kupeleka kwa msafishaji mkanda ambao haujaisha. Basi usiku wa manane, wimbo ukishaingia kwenye chemko na watu wamejaa katikati, unasogea mbele ya jukwaa kumalizia. Ya 34, ya 35, ya 36, na kama mkanda uliuvalisha kwa ubahili mzuri, kamera inakuzawadia ya 37. Zote hizo unamalizia penye mwanga, na mwanga uko kwa waimbaji. Taa zetu zilikuwa mbili, pengine moja. Flashi ya bei niliyoimudu inatoka mita tatu au nne kisha inachoka. Inampiga mwimbaji usoni, inagusa kidogo gitaa la solo, halafu inafia hapo. Nyuma yake ni giza lenye watu: dramu, tumba, na besi.

Malick Sidibé wa Bamako, mpiga picha wa Mali aliyefariki mwaka 2016, alifanya kazi inayofanana na yetu. Alizunguka kwenye sherehe za vijana usiku, akarudi studio kusafisha, kisha akabandika picha ndogondogo nje ya mlango ili kila mtu aje ajitafute. Leo picha zake zimo kwenye makumbusho. Nilipokitazama kitabu chake mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa sababu nilimtafuta mpiga muziki sikumwona. Wanaocheza ni wengi, wamependeza hasa, lakini muziki wenyewe ulitoka kwenye santuri. Yeye ana sababu. Mimi bendi ilikuwa hatua nne kutoka nilipo.

Wakubwa wa muziki wa dansi hawakunitegemea, na hilo ni jema. Kuna wakati bendi zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadili jina nayo ikabadili, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, hadi ilipobaki Msondo Ngoma. Mlimani Park ya mwaka 1978, hawa wa Sikinde, walikuja kuwa wa DDC, shirika la jiji. Shirika la Bima lilikuwa na bendi, mabasi ya UDA yalikuwa na bendi, Polisi, Magereza, Umoja wa Vijana. Redio Tanzania iliwaita studio yake ya Barabara ya Pugu ikawarekodi. Magazeti yaliwapiga picha. Muhidini Gurumo, aliyepata kuimba NUTA na kuendelea kuimba hadi mwaka 2013, alipofariki Aprili 2014 nchi nzima ilijua sura yake. Remmy Ongala alifariki Desemba 2010, na hadi kesho makondakta wanalitaja jina lake kutwa nzima pale Sinza, "Kwa Remmy, kwa Remmy, wa kushuka," na abiria wa miaka ishirini anashuka bila kujiuliza Remmy ni nani.

Bendi yangu haikuwa na chama wala shirika. Ilikuwa ya mtu mmoja mwenye vyombo, na wanamuziki kumi na moja waliogawana kiingilio baada ya yeye kukata chake. Ilikuwa na watu mia mbili waliojua nyimbo zake kwa moyo, na ukitoka nje ya hao mia mbili hakuna anayeijua. Haikurekodi chochote cha maana. Albamu moja ya kaseti ilitengenezwa, ikauzwa kwenye viti vya ukumbini, ikaisha. Kwa hiyo nikisema bendi ilikuwepo, ushahidi ni masalia yangu ya mwisho wa mkanda.

Na hayo masalia nayo yana historia yake. Desemba 2011 mvua ilinyesha Dar es Salaam kama inalipa deni. Nilikuwa nimepanga chumba Magomeni Suna, bondeni, karibu na mto Msimbazi, kwa sababu kodi ya kule iliendana na mfuko wangu. Maji yalikuja alfajiri na yalipofika kiunoni nilibeba kamera na cheti cha kuzaliwa cha mwanangu. Negativu za miaka kumi na saba zilikuwa chini ya kitanda, kwenye maboksi ya viatu. Siku ya tatu nilirudi nikazikuta zimekuwa tofali. Ukijaribu kubandua moja, picha inahama: uso wa huyu unabaki kwenye mgongo wa yule, ukumbi wa mwaka 1997 unang'ang'ania ukumbi wa mwaka 2003, na kati yao kuna tope jembamba linalonuka samaki. Watu walikufa siku zile, majirani zangu wengine wakahamishiwa Mabwepande wasirudi tena, ndiyo maana sikuweza kumwambia mtu yeyote kwamba ninalia kwa ajili ya mikanda. Nilisema tu, vitu vimelowa.

Zilizopona ni za kusafishwa, zilizokuwa juu ya kabati. Baadaye nikanunua kamera ya dijitali, nikadhani sasa nimemaliza ugomvi na maji. Diski moja iliyokufa kimya kimya mwaka 2015 ilinifundisha kwamba tope lilikuwa na heshima zaidi: lilikuachia angalau kitu cha kushika.

Mpiga besi ndiye aliyekuja kunisaidia kutoa matope Magomeni. Alikuja na koleo na buti, bila kuitwa. Aliyaona yale matofali ya negativu nimeyapanga juani, akachukua moja akaligeuza geuza kama mtu anayekagua gitaa la mtumba. "Dogo," akasema, "humu ndani kuna mimi?" Nikamwambia umo, kaka, umo tele. Akaridhika. Akalirudisha taratibu pale pale lilipokuwa.

Nimeifikiria sana sentensi ile. Sikumdanganya kwa makusudi. Niliamini yumo, kwa sababu kila nilipokumbuka ukumbi wowote nilimkumbuka yeye, kulia kwa dramu, mguu wa kushoto mbele, anatazama chini kidogo kana kwamba kuna kitu sakafuni anakisoma. Picha niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa kamili, sikuwahi kuona haja ya kuitafuta kwenye karatasi.

Waimbaji nao walikwisha kunisumbua kwa upande mwingine. Wanamuziki wangu Waislamu wakifariki hakuna anayenipigia simu kuomba picha. Wanazikwa hima, swala inaswaliwa, na mimi naenda makaburini mikono mitupu kama kila mtu. Lakini kwa Wakristo picha inatangulia maiti. Miaka michache nyuma alifariki mwimbaji mmoja wa bendi hiyo hiyo, na kwake nilikuwa tajiri, nina mamia. Nikapeleka kumi bora. Mjane alizipitia zote kwa adabu, akanirudishia. "Shemeji, hakuna aliyofunga mdomo?" Nilirudi nyumbani nikatazama tena. Kweli, hakuna. Nilimpiga akifanya kazi, na kazi yake ilikuwa kufungua mdomo. Meno, ulimi, mishipa ya shingo, jasho. Nilikuwa najivunia picha zile. Mbele ya jeneza mtu mwenye uso wa namna ile anaonekana kama anapiga kelele atolewe.

Basi Jumatano ile, ilipofika saa tisa, niliacha kutafuta uso nikaanza kutafuta chochote chake. Ndipo nikauona mkono.

Ni picha ya rangi, postikadi, nadhani ya mwaka 2000. Nilikuwa nampiga mwimbaji, ila mwimbaji aliruka pembeni wakati nabonyeza, kamera ikabaki na alichokuwa amekiziba. Ni shingo ya gitaa la besi na mkono wa kushoto wa kaka, kutoka saa ya mkononi kwenda mbele. Kila kitu kingine ni giza. Kidole cha shahada kimefungwa plasta, na plasta yenyewe imechakaa pembeni, imeshika weusi wa nyuzi. Najua kwa nini. Nyuzi za besi ni ghali, na mwenye vyombo hakuwa mtu wa kununua nyuzi, kwa hiyo kaka alikuwa akizichemsha. Zikianza kulia kiziwi anazifungua zote nne, anazitia kwenye sufuria ya maji, zinatokota robo saa, zinatoa mafuta na jasho la miezi, anazianika, anazirudisha, na kwa wiki mbili tatu zinalia kama mpya. Mkewe alimtengea sufuria yake na kuitia alama ya rangi ya kucha ili isipikiwe wali. Ila uzi uliochemshwa mara nyingi unakuwa mkali, unachana. Kidole kile hakikuwahi kupona sawasawa miaka yote niliyomjua.

Ndiyo picha bora niliyopata kumpiga, na ilipigwa kwa bahati mbaya.

Niliipeleka pamoja na ile ya nusu uso. Kijana wa steshenari alijaribu kuivuta nusu ile ikubali kuwa uso, ikapasuka ikawa madoadoa. Kwenye fremu wakaweka picha ya kitambulisho cha mpiga kura: mtu aliyeshtuka, amekaza shingo, mbele ya kitambaa cha buluu. Waombolezaji mia tatu walipita mbele yake. Kwenye fulana ilitoka nyeusi kabisa, ungedhani ni ya mtu mwingine, na hakuna aliyelalamika.

Nilikaa chini ya turubai na wenzake wa bendi. Watu wa muziki msibani wana tabia ya kuzungumzia nauli na afya za wasiokuwepo, na sisi tulifanya hivyo. Halafu mpiga tumba akasema ingependeza gitaa lake lingewekwa pale mbele, karibu na fremu, kama tunavyoona wenzetu wanafanya. Pakawa kimya. Gitaa halikuwa lake. Miaka yote ile alipiga gitaa la mwenye vyombo, na mwenye vyombo hakuwa mtu mbaya, alitoa gunia la mchele na gari la kwenda makaburini, lakini Jumamosi ile kulikuwa na onyesho Temeke lililokwisha kulipiwa nusu. Gitaa lilikuwa linafanyishwa mazoezi na mtu mwingine. Tulizika Ijumaa, Jumamosi lilikuwa kazini.

Sikwenda Temeke. Nilikaa nyumbani nikamkumbuka usiku mmoja wa Buguruni, zamani, waya wa besi ulipokatika katikati ya wimbo. Hakuna aliyejua kimetokea nini. Solo lilikuwa linalia, ridhimu ilikuwa inalia, mwimbaji alikuwa anaendelea na maneno yake. Wachezaji ndio waliopungua, kwanza miguu, kisha mabega, wakawa wanatazamana kama watu walioingia chumbani wakasahau walichofuata. Mama mmoja alirudi mezani kabisa akakaa. Kaka alikuwa amepiga magoti nyuma ya spika, tochi mdomoni, anaunga waya. Alipouchomeka tena, sauti ile nzito ikarudi kutoka chini kwenye saruji, yule mama akasimama bila kuombwa na mtu, na ukumbi mzima ukaingia mahali pake. Nakumbuka kila kitu, hata rangi ya gauni la mama yule. Kwenye bahasha ya usiku huo kuna picha tatu za bendi, na zote tatu ni za mwimbaji.

Binti yake alinipigia tena baada ya arobaini. Alitaka ile ya mkono. Alisema mama ameiulizia, ile yenye plasta, na kama inawezekana isikuzwe sana. Nikaisafisha upya, nikampelekea mwenyewe, nikanywa chai. Sufuria ya nyuzi ilikuwa bado imetundikwa jikoni na alama yake nyekundu. Hakuna aliyeizungumzia.

Mwezi uliopita nilirudi ukumbini. Mimi ni mzee sasa, vijana wananipisha, na wateja wa picha hawapo tena kwa sababu kila mtu ana simu, kwa hiyo kwa mara ya kwanza maishani sina picha ya mtu ya kupiga. Badala ya kwenda mbele nilizunguka nikasimama kulia kwa dramu. Anayepiga besi ni kijana wa miaka kama ishirini na minne, ana kofia aliyoigeuza nyuma, anapiga vizuri ila ana haraka. Aliponiona nimeinua kamera alitazama nyuma yake kwanza, kuona nani nampiga.

"Mzee, mwimbaji yule pale."

"Nakupiga wewe."

Akaigeuza kofia, akanyoosha mgongo, akafunga mdomo, akanikazia macho mbele, vile vile kama wa kitambulisho, na vidole vikapotea nusu kipigo. Mpiga dramu akamtazama kwa hasira. Nikashusha kamera, nikaegemea spika, nikajifanya naangalia wachezaji. Wimbo ulikuwa ndio kwanza unaingia kwenye chemko. Nilikuwa na muda wa kutosha kumsubiri anisahau.